Chozi amenasa kwenye utando wa buibui uani kwangu, nimtoeje?

MkaziWaTudor

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Nina haja ya msaada wa haraka. Niko Tudor hapa Mombasa, nyumba hizi za chini zinazoteremkia kwenye mkono wa bahari. Uani nina mkomamanga ambao sasa umejaa maua, na chozi, wale ndege wadogo wanaofyonza maua, huja tangu alfajiri, dume mwenye rangi za kung'aa na jike lake wa kijivujivu. Baina ya mkomamanga na mlingoti wa kamba ya nguo kuna buibui mkubwa, yule mwenye miguu mirefu yenye milia, utando wake ukipigwa na jua huonekana manjano. Yuko hapo tangu masika. Hatukumgusa kwa sababu nzi wa uani amewapunguza, na mamamkwe hataki kusikia buibui kauliwa nyumbani mwake, kwa ajili ya kile kisa cha buibui aliyefuma mlangoni mwa pango la Thaur, Mtume alipojificha humo.

Asubuhi hii nimetoka kuanika nguo nikasikia kilio chembamba. Kutazama, yule chozi jike yuwaning'inia kichwa chini, bawa la kushoto limejikunja, nyuzi zimemzunguka mpaka mkiani. Buibui yuko juu pembeni, hasogei. Nimechukua mkasi nikakata utando pande zote, nikamtoa ndege na nyuzi zake. Sasa yumo kwenye boksi la viatu nililolitoboa matundu. Nguvu anazo, yuwapapatika, lakini bawa halifunguki.

Naomba kujua: hizi nyuzi zatolewaje bila ya kumvunja? Nimpe nini ale? Huyu buibui ndiyo kazi yake kula ndege? Ana sumu? Nina mtoto anayeanza kutembea na uani ndiko anakoshinda. Kijana wangu mkubwa ameshashika kopo la dawa ya mende, yuwangoja neno langu tu.

Kijana_Likoni

Dada pole. Mimi ningepiga dawa nimalize, kisha niufagie utando wote. Mtoto mdogo na buibui wa ukubwa huo si wa kukaa pamoja. Kisha kuna picha inazunguka mtandaoni, buibui anakula ndege mzima. Kama ni kweli, huyo wako leo amekosa, kesho atapata.

Mwalimu_Mstaafu_Kisauni

Bibi, kwanza mzuie kijana na hilo kopo. Dawa ikirushwa hapo itatua kwenye maua ya mkomamanga, na chozi wanatia ndimi zao ndani ya maua hayo kutwa nzima. Utakuwa umemtoa mmoja mtegoni na kuwatilia sumu wenzake.

Nimefundisha bayolojia miaka mingi, na tangu nistaafu kazi yangu ni ua wangu na ndege wake. Nakujibu kwa mpango wa haraka, ndege kwanza.

Ingia chumba kisicho na mwanga mkali, funga madirisha, zima feni. Watu wawe wawili. Mmoja amfunike ndege kwa kitambaa chepesi cha pamba, aache kichwa na lile bawa tu. Asimbane kifua hata kidogo! Ndege hana kiwambo cha kupumulia kama sisi, hupumua kwa kuinua na kushusha mfupa wa kifua, kwa hiyo mkono unaomkaza kifuani unamziba pumzi ingawa pua na mdomo viko wazi. Chozi wa kwetu ana uzito wa gramu 7 au 8, yaani vijiko viwili vya chai vya sukari. Mshike ukijua hivyo.

Wa pili achukue kijiti cha pamba cha masikio, akichovye kwenye maji ya uvuguvugu, akikamue kisidondoke. Alowanishe nyuzi kidogo kidogo, kisha azisokote na ile pamba kuanzia shina la unyoya kwenda nchani. Usirudi nyuma. Unyoya umeshikana kwa vikulabu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na ukiuvuta kinyume vinaachana. Penye fundo, tumia kibanio cha nyusi uinue uzi, halafu kata kwa mkasi mdogo. Usivute. Akianza kufungua mdomo na kuhema, mrudishe kwenye boksi, mfunike, umwache atulie kabla ya kuendelea.

Usimpake mafuta ya nazi, wala mafuta ya taa, wala sabuni. Najua watu huambiana mafuta yalainisha. Unyoya ulioingia mafuta hauzuii maji tena wala hautunzi joto, na ndege wa namna hiyo haishi hata akiruka.

Baada ya mabawa, tazama vidole vya miguu na mkia. Hapo ndipo watu husahau. Ndege anaachiwa, anaonekana mzima, kumbe uzi umebaki kwenye kidole, atakwenda kunasa kwenye kitawi asiko na mtu wa kumwona. Utando ni hatari hata baada ya ndege kutoka utandoni, na hilo ndilo ninalotaka ulichukue katika maneno yangu yote.

Chakula: kipimo kimoja cha sukari nyeupe kwa vipimo vinne vya maji yaliyochemka yakapoa. Weka tone kwenye ncha ya kijiko, ligusishe ncha ya mdomo wake, atatoa ulimi mwenyewe. Usimimine mdomoni, yataingia mapafuni. Asali hapana, maziwa hapana, mkate hapana. Hiyo sukari ni ya kumvusha saa chache tu, haifai kuwa chakula cha kufugia, kwa sababu chozi hula wadudu pia. Bawa likifunguka sawa na lile jingine, mwachie leo leo, mahali pale pale penye mkomamanga.

Habari za buibui nitarudi nikishasali.

MkaziWaTudor

Mwalimu, Mungu akulipe. Tumeanza, mimi na wifi yangu. Nyuzi za bawa zimetoka, kulikuwa na moja nene imepita chini ya kwapa. Zatoka polepole, kisha zang'ang'ania kidole kana kwamba zimetiwa ulimbo. Kidole cha nyuma cha mguu wa kulia kilikuwa kimefungwa kweli kama ulivyosema, tungemwachia nacho. Sukari amekunywa. Kopo nimelifungia kabatini.

Mvuvi_Mikindani

Nimesoma nikaona nami niseme ninayoyaona. Sisi tunaopita mikokoni na mitumbwi, wakati wa kusi baada ya mvua kubwa, tunakutana na hawa buibui vijito vyote. Wanafunga kutoka mkoko wa upande huu hadi wa pili, usawa wa uso wa mtu aliyesimama na pondo. Utando ukikupata shingoni unausikia unavyovutika kabla ya kukatika. Nimekuta humo kereng'ende, vipepeo, panzi, na siku moja ndege, tongo, amekauka mbawa wazi. Shorewanda na ndege wakubwa wengine naona wanapita na utando unabaki na tundu.

Sisi hatuwaui. Wa mbele huinua pondo akanyanyua nyuzi za chini, mtumbwi ukapita.

Mwalimu_Mstaafu_Kisauni

Ahsante mvuvi, umenipunguzia kazi. Hayo ya shorewanda kupita na tongo kubaki ndiyo yaliyoandikwa na wataalamu pia. Mwaka 2012 mtafiti wa Houston kule Marekani, Daniel Brooks, alikusanya visa vilivyokuwa vimeripotiwa vya ndege kunasa kwenye tando. Alipata 69, vya ndege wa aina 54. Karibu wote ni wadogo, wa gramu 15 kushuka chini. Wengi ni wale ndege wavumaji wa Marekani wanaofyonza maua, ambao kwa maisha yao wanalingana na chozi wetu ingawa si ukoo mmoja. Visa 69 tu, kwa miaka mingi na nchi nyingi! Hata tukisema vingi havikuonwa na mtu, hii inabaki kuwa ajali. Buibui anawinda wadudu. Ndege ni mzigo kwake, humharibia kazi, na mara nyingi yeye mwenyewe hujitenga pembeni kama alivyofanya wa MkaziWaTudor, au huzikata nyuzi apunguze hasara.

Kijana wa Likoni ameuliza la picha. Kama ni ile ya Australia, ni ya kweli. Ilipigwa mwaka 2008 huko Atherton, Queensland, na yule ndege ni ndugu wa karibu wa tongo wetu. Buibui alikuwa juu yake akimla. Buibui hana meno ya kutafuna. Humwaga maji ya kuyeyushia chakula, kisha akafyonza. Kwa hiyo hutokea, sikufichi, lakini dunia nzima ilishangaa ile picha kwa sababu hutokea kwa nadra.

Sasa, kwa nini chozi hasa? Watu hudhani ni kwa kuwa ni mdogo tu. Tongo ni mdogo, mbayuwayu naye si mkubwa. Lakini chozi ana shughuli na buibui kila siku. Kiota chake kile kinachoning'inia, chenye kibaraza juu ya mlango, kimeshonwa kwa utando. Majani makavu na nyasi haziwezi kushikana zenyewe kwenye ncha ya kitawi inayopigwa na upepo wa bahari. Jike ndiye mjenzi, na utamwona amesimama angani mbele ya utando akichomoa uzi kwa mdomo. Pia huwadonoa buibui wadogo kulisha makinda. Kwa hiyo anakaribia mtego kwa hiari, mara nyingi, akiwa na haraka ya kujenga. Akikosea kipimo cha bawa moja, ndiyo yale uliyoyaona. Nadhani jike wako alikuwa anachukua nyuzi za kiota. Tazama mwembe wa jirani au hata waya wa taa ya nje, huenda kiko karibu.

Buibui mwenyewe kwa maelezo yako ni jike wa wale wa utando wa dhahabu. Kitaalamu waliitwa Nephila, na tangu 2019 wengi wao, hawa wa Afrika wakiwemo, wamehamishiwa jenasi, yaani kundi la jamaa wa karibu, liitwalo Trichonephila. Mwili wake ni kama sentimita 3, miguu ndiyo inayomfanya aonekane jitu. Ukitazama vizuri utaona pembeni kijibuibui kidogo chekundu au hudhurungi, huyo ni mumewe, usidhani ni mtoto.

Sumu anayo kwa wadudu. Kwa binadamu ni maumivu ya muda mfupi, na huuma akibanwa tu. Mtoto hawezi kumfikia juu, na buibui hana sababu ya kuteremka, maana chini hana utando.

Utando wake unanasa vikali kwa sababu mbili. Nyuzi za kushikilia, zile zinazofungwa mtini, ni kavu na ngumu mno kukatika kwa unene wake. Nyuzi za mzunguko zina matone ya gundi, na gundi hiyo huvuta unyevu wa hewa ikabaki mbichi. Kwa hewa yetu ya Mombasa fikiria mwenyewe. Kisha kuna buibui wengine ambao hubomoa utando wao kila siku, wakaula, wakafuma upya. Huyu hafanyi hivyo. Hukarabati nusu, akaacha nusu, kwa hiyo utando unakaa pale pale wiki kwa wiki na kuzidi kuwa mnene.

Mvuvi, hili ni lako: visiwa vya Solomon kule Pasifiki wavuvi walikuwa wakisokota utando wa jamaa zake huyu buibui, wakaufunga kwenye kamba ya tiara inayorushwa kutoka mtumbwini, utando ukirukaruka juu ya maji. Samaki wa midomo mirefu, jamaa wa chuchunge, wakiung'ata meno yao yananasa. Hakuna ndoana. Na Madagascar walikusanya buibui wa namna hii zaidi ya milioni moja, wakavutwa hariri yao wakiwa hai kisha wakaachiwa, ikafumwa joho la manjano ambalo lilionyeshwa London mwaka 2012 bila kutiwa rangi yoyote.

Kijana_Likoni

Mwalimu nimekuelewa, sikujua dawa inaingia kwenye maua. Lakini bado nauliza, si afadhali auondoe utando? Akiuacha, chozi mwingine atanasa.

Mwalimu_Mstaafu_Kisauni

Swali zuri, kijana wangu, na jibu langu ni auhamishe kutoka penye maua. Asimuue.

Na ngoja niseme la uchungu kidogo. Ndege niliowatoa kwenye nyavu za nailoni ni wengi kuliko niliowatoa kwa buibui. Watu wanafunika vifaranga kwa jarife chakavu kwa sababu ya kunguru, na nawaelewa, kunguru hawa wa Bara Hindi wametushinda mji mzima. Lakini wavu ukilegea na kuning'inia, kila ndege mdogo anayefuata mtama wa kuku yumo hatarini. Utando ndege wa gramu 30 anaupasua. Nailoni haipasuki, haiozi, na mwenye wavu hakai hapo kutazama. Kama una wavu, ukaze kwenye fremu ya mbao usiwe na mkunjo. Ule usio na kazi uukate vipande, usiutupe jaani mzima.

MkaziWaTudor

Ameruka Mwalimu! Tumemweka juu ya tawi, akatikisa manyoya, akatulia kidogo, kisha akaenda moja kwa moja kwa jirani, upande wa mwembe. Mamamkwe amefurahi kuliko sisi sote. Anasema tumhamishe buibui lakini kwa heshima yake.

Sasa twamhamishaje na tumpeleke wapi? Kijana wangu amekubali kuifanya kazi lakini hataki kumgusa kwa mkono. Na huku nyuma ya tangi la maji kuna taa ya usalama inayowaka usiku kucha, hakuna maua, ni ukuta na miti miwili ya mwarobaini. Patafaa? Jingine, wifi yangu ameuliza kama tukimpa tu onyo chozi, tuuache utando hapo hapo, haiwezekani?

Mwalimu_Mstaafu_Kisauni

Alhamdulillahi.

La wifi yako lina msingi. Wapo buibui wa bustani wanaoweka michoro mieupe ya hariri katikati ya utando, kama herufi X. Mwaka 1983 Eisner na Nowicki, watafiti wa Marekani, walitia alama bandia kwenye tando zisizo na mchoro, na zile zenye alama zikadumu asubuhi zaidi kuliko zisizo nayo, kwa kuwa ndege waliziona wakazikwepa. Kwa hiyo ukifunga vipande vya kitambaa cheupe kwenye zile nyuzi kavu za kushikilia, ndege apitaye kasi ataona. Lakini chozi wako hapiti. Chozi wako anakuja kwenye utando makusudi, kuchukua uzi. Kitambaa hakitamsaidia sana. Mhamishe.

Nyuma ya tangi panafaa, taa itamletea wadudu kuliko mkomamanga ulivyokuwa ukimletea. Fanyeni alasiri jua likipoa. Kijana achukue sufuria pana na fimbo ndefu. Sufuria akae nayo chini ya buibui, amguse kwa fimbo kutokea juu. Buibui atajiangusha kwa uzi, kijana ampokee kwa sufuria, aukate ule uzi na afunike kwa kifuniko. Akamwachie kwenye mwarobaini, juu ya kimo cha mtu, ili asubuhi asijefuma mlangoni mwenu. Atafuma mwenyewe, usimsaidie kwa lolote.

Utando wa zamani uviringishe wote kwa fimbo, hasa zile nyuzi nene zilizobaki kwenye mkomamanga, na msiuache umening'inia nusu. Ukikuta kifuko cha hariri ya manjano kimegandishwa chini ya jani, hayo ni mayai. Kata jani zima, ulifunge kwenye mwarobaini pamoja naye. Na kesho asubuhi mapema, kabla hujaanika nguo, tazama tena pale penye mkomamanga, maana wengine hurudi.